Ishirini na Wanane wa Namba Kumi na Saba

Jumapili, 25 Agosti

Wameanza kurudi. Wiki mbili tangu Idi, na mabasi ya kaskazini yanawamwaga barabara kuu tangu alfajiri. Nimesimama dirishani na chai yangu nikiwatazama wakiingia namba kumi na saba, nyumba ya jirani. Mabegi, ndoo, magunia ya mchele wa kwao. Mmoja ana kuku hai kwapani.

Hawarudi walewale tu. Kila aliyeondoka peke yake amerudi na mdogo wake, au binti wa jirani. Viwanda vya nguo vinaajiri.

Nyumba ile ilijengwa kwa familia tano, kila ghorofa familia moja. Lutfor, mwenye nyumba, alipoanza kuipangisha kwa wasichana wa kiwandani waliingia wanne kila chumba. Tulinung'unika, tukazoea. Sasa amejenga vyumba vya mabati juu ya paa, na sijui ni wangapi.

Mama mkwe, ambaye kitanda chake kiko upande wa ukuta wao, anasema tangu asubuhi anawasikia wanapanda ngazi na hajasikia hata mmoja akishuka. "Labda wanawapanga juu kwa juu, kama matofali."

Maji yalikatika saa tatu. Lutfor ameweka pampu mpya inayonyonya moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Ikinguruma, bomba letu linakohoa hewa tu.

Jumatano, 28 Agosti

Kikao cha kamati ya mtaa, sebuleni kwa Haji Emdad, mwenyekiti wetu, afisa wa posta mstaafu. Chai na biskuti. Kila mtu ana lake. Maji hayafiki. Mtaro wa maji taka umejaa. Takataka zinatupwa pembeni ya duka. Ngazi zao zinapigwa kishindo saa kumi alfajiri. Emdad akasema kulalamika kwa maneno hakutoshi, tuandike barua kwa manispaa, na barua bila idadi haina meno.

Nani atahesabu? Mwanamume haingii hosteli ya wanawake. Wote wakanigeukia mimi. Mwalimu Tohura—wananiita mwalimu, ingawa nilikuwa karani wa shule tu, miaka ishirini na tisa ya kuandika mahudhurio. Nikakubali upesi.

Niseme kweli, humu daftarini hamna wa kunicheka. Nilifurahi. Tangu nistaafu hakuna aliyenituma kitu.

Ijumaa, 30 Agosti

Siku yao ya mapumziko, kwa hiyo wote wapo. Siddik, mzee anayelinda geti, alinifungulia akidhani nimekuja kutafuta mfanyakazi wa ndani. Sikumsahihisha.

Nilianzia juu. Vyumba vya mabati—huwezi kugusa ukuta kwa joto. Kila ghorofa choo kimoja, jiko moja la gesi lenye mafiga mawili, na foleni ya masufuria sakafuni, kila sufuria inamwakilisha mwenyewe aliyekwenda kufua. Vitanda vya mbao vya kulala wawili, mmoja juu mmoja chini. Vingine vina zamu: anayeshona mchana analala usiku, anayeshona usiku analala mchana, godoro halipoi.

Ghorofa ya tatu nilimkuta Jorina. Umri wake hauzidi ishirini na mbili. Mjamzito, miezi sita hivi, tumbo limemtangulia na mwili mwenyewe ni kama ufito. Anashona kola. Kwao ni Kurigram, huko kaskazini. Mto umekula shamba lao, mume yuko Malaysia kwenye ujenzi. Aliniona na daftari akajua mara moja.

"Mama mdogo, umekuja kutuhesabu kama mbuzi wa Idi," akasema. "Haya, tuangalie na meno basi."

Chumba kizima kikacheka. Nikacheka na mimi, kwa aibu. Akanikaribisha nikae kitandani, pembeni ya miguu ya mwenzake aliyelala fofofo, akanipa bisi za mchele zilizochanganywa na mafuta ya haradali na pilipili. Sikutegemea kula kwao. Nilikula.

Nilipoinuka akaniuliza kwa sauti ya chini. Hakuwa anatania tena. "Ukiandika kwamba tumezidi, atakayepunguzwa ni nani? Lutfor, au sisi?"

Nikamwambia barua ni dhidi ya mwenye nyumba. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeambiwa mvua haitanyesha.

Sitini na wanne. Vyumba kumi na viwili, pamoja na vya mabati.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeandika barua. Kurasa mbili, mwandiko wangu wa shule. Maji, mtaro, ngazi moja tu ya kutokea, watu sitini na wanne. Ilikuwa barua nzuri.

Emdad aliisoma amevaa miwani, akasema inakosa chumvi. Akanitamkia sentensi ya kuongeza: kwamba wapangaji hao ni wanawake wasio na wenyewe, wanaoingia na kutoka saa zisizofaa, na familia zenye heshima zina hofu juu ya watoto wao. Nikamwambia saa zisizofaa ni zamu za kiwanda. Akasema, "Mwalimu, manispaa hawaji kwa sababu ya mtaro. Mtaro hata kwao umeziba."

Nikaiandika. Kwa mkono wangu, kwa mwandiko uleule mzuri. Watu kumi na saba wametia sahihi. Ya kwanza ni yangu.

Jumatano, 11 Septemba

Niandike tu.

Wakaguzi walikuja saa nne, wawili, mmoja mnene na mmoja mwenye faili. Emdad alikuwepo, na mimi kama mhesabuji. Lutfor alitupokea getini amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaniita shemeji—alisoma na marehemu mume wangu—akaniulizia hali ya mama mkwe. Alijua tangu jana kwamba wanakuja. Ilikuwa wazi tu. Ngazi zimepigwa deki. Vitanda vya juu vimeondolewa. Vyumba vya mabati vimejaa mifuko ya saruji.

Wa zamu ya mchana walikuwa kazini. Wachache waliobaki wamekaa watulivu kama wanafunzi, kila chumba wawili. Mwenye faili akawa anaandika.

Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho, mlango una kufuli kwa nje. Lutfor akasema ni stoo. Tukasimama pale. Halafu ndani mtu akakohoa. Mara moja tu, kikohozi kilichozibwa na mkono au kitambaa.

Sote tulisikia. Mkaguzi mnene akamtazama Lutfor, Lutfor akatazama simu yake. Ndipo mwenye faili akanigeukia. "Mama, wewe ndiye uliyehesabu. Humu mna watu?"

Nilijua chumba kile. Nilikula bisi kwenye chumba kile. Mle wanaingia watu sita, nao leo waliwajaza wote wa zamu ya usiku, bila dirisha, jua la saa tano. Nikawaza: nikisema ndiyo, kufuli litafunguliwa, na jioni nyumba itatiwa lakiri, wote sitini na wanne watakuwa barabarani. Na yule mwenye tumbo lile, nani atampangisha? Ndivyo nilivyowaza. Au ndivyo ninavyopenda kukumbuka. Huenda niliogopa tu kumwaibisha Lutfor mbele yangu.

Nikasema, "Sijui."

Wakaandika ishirini na wanane.

Alhamisi, 12 Septemba

Emdad hakuitikia salamu yangu dukani. Alimwambia muuza duka, mimi nikisikia, kwamba kuna watu kamati inawapa kalamu na wao wanaipa kamati aibu.

Jorina alipita dirishani saa moja jioni akitoka kazini. Alisimama. Hakunishukuru. Alisema mle ndani wasichana wawili walizimia na Siddik hakuwa na ufunguo, ilibidi wamsubiri Lutfor amalize kuwanywesha chai wakaguzi. Kisha akasema, "Lakini tumelala nyumbani, mama mdogo." Akaenda zake.

Sijui lilikuwa neno la shukrani au la lawama. Nimeligeuza tangu hapo.

Jumatatu, 23 Septemba

Ripoti imefika. Namba kumi na saba: wakazi ishirini na wanane, matumizi ya jengo yanaruhusiwa. Mhuri na sahihi. Lutfor amegawa maboksi ya peremende za maziwa mtaa mzima. Emdad alilirudisha lake. Sisi tulilipokea kwa sababu mama mkwe alikuwa mlangoni kabla yangu.

Alikula tatu. Akasema mla rushwa ni vema awe hana meno, haachi alama.

Mchana limekuja lori la matofali. Anapandisha ghorofa ya sita.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua siku nne. Mtaa mzima ni maji hadi kwenye kifundo cha mguu, na si maji ya mvua tu. Mtaro umefumuka mbele ya namba kumi na saba. Maji meusi yenye mapovu. Bomba la maji safi linapita chini ya uchafu huohuo, na pampu ya Lutfor inanyonya mchana kutwa. Fundi wa jirani alinieleza bila hata kuulizwa: bomba likiwa na ufa, pampu ikivuta kwa nguvu namna ile, haivuti maji peke yake.

Maji ya bombani leo yana harufu. Kidogo tu. Ukiziba pua huisikii.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mke wa Emdad macho yamekuwa ya manjano. Na mkwe wa mwenye duka. Na mtu mmoja nyumba ya kona. Daktari wa zahanati amesema ni ugonjwa wa ini, unatoka kwenye maji yaliyoingiliwa na choo. Wengi hupona. Tuchemshe maji dakika nyingi, tusinywe hata tone la bomba. Kwa mwanamke mjamzito, akasema, si ugonjwa wa mchezo.

Mtaa umeshajua wa kulaumu. Dukani wasichana wa namba kumi na saba wanawekewa chenji juu ya kaunta, haishikishwi mkononi. Mwanamke mmoja amemvuta mwanawe asipite karibu nao. Sentensi ya Emdad imetoka kwenye karatasi, inatembea.

Nilikwenda kwa Jorina kumwambia achemshe maji. Alinitazama. "Kwa mafiga yapi?" Ghorofa yao watu kumi na wanne, mafiga mawili, na gesi inakuja kwa saa chache. Wali wenyewe wanaupika nusu. Kiwandani napo wanakunywa bombani.

Kuanzia leo nampelekea jagi moja la maji yaliyochemshwa kila asubuhi. Mama mkwe aliuliza wale wengine wananyweshwa na nani. Nikamwambia sina gesi ya kuchemshia watu sitini na wanne.

"Sikuuliza una gesi gani," akasema.

Jumatano, 9 Oktoba

Jagi nililipeleka kwa kuchelewa. Labda lilichelewa tangu siku nyingi.

Jorina hakwenda kazini. Wenzake waliniita. Amelala ubavu, hawezi kuvumilia hata harufu ya wali. Nikamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlangoni. Macho manjano kabisa, kama bizari. Mkojo, alisema, kama chai ya rangi.

Nilimchukua kwa riksho ya baiskeli hadi hospitali kubwa. Maji yalifika kwenye ekseli, dereva akashuka akasukuma. Njia nzima Jorina aliniegemea begani akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtungi na anaogopa kujikwaa. Akaniambia mtoto anapiga mateke sana asubuhi. Nikamwambia hiyo ni dalili njema. Sijui kama ni njema.

Mapokezi wakauliza anwani. Nikawapa: namba kumi na saba, na jina la mtaa. Karani akasema kuna utaratibu wa kuthibitisha wagonjwa wa ugonjwa huu, kwa sababu mitaa inafuatiliwa. Akapiga simu kwa mwenye nyumba. Nilikuwa nimesimama pale. Nilisikia sauti ya Lutfor kwenye simu, ya upole, haina haraka. Hakuna mpangaji wa jina hilo. Wapangaji wake ni ishirini na wanane, manispaa wana orodha, wote ni wazima.

Nikamwambia karani namjua, ninaishi ukuta kwa ukuta naye. Karani akaniuliza, nina karatasi yoyote?

Mimi! Miaka ishirini na tisa ya karatasi.

Akaandika: makazi hayajulikani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jorina amefariki leo asubuhi, baada ya swala ya alfajiri. Mtoto alitangulia jana mchana. Wa kike.

Mara ya mwisho alipokuwa na fahamu aliniuliza kama msimamizi wa laini yake kiwandani ameambiwa, asije kumfuta kazi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kaka yake alikuja kutoka Kurigram, mkulima mwenye miguu mikubwa. Wenzake wa chumba walimwosha na kumvika sanda. Lutfor hakuruhusu jeneza liingie getini. Alisema hawezi kupokea maiti ya mtu ambaye hakuwa mpangaji wake. Kwa hiyo walimswalia barabarani, kwenye matope, gari likisubiri na injini inaunguruma. Emdad alikuja. Alisimama safu ya nyuma, suruali ameikunja magotini. Hatukutazamana.

Kohinur, ambaye ni mkubwa wao, mwanamke wa arobaini hivi, alikusanya nguo za Jorina kwenye mfuko mmoja wa plastiki akampa kaka yake. Mfuko haukujaa.

Jioni kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine.

Jumapili, 13 Oktoba

Kuna meza ya watu wa afya njia panda. Nilikwenda. Daktari ni mwanamke kijana, Dokta Farzana, miwani na viatu vya mpira. Ukutani nyuma yake kuna ramani yenye vidoti vyekundu. Mtaa wetu una vidoti vitatu: mke wa Emdad, mkwe wa duka, mtu wa kona. Mitaa ya nyuma ina kumi, kumi na mbili. Akanieleza kwa subira kwamba wanaanza na yenye wagonjwa wengi: kufunga bomba, kuleta maji kwa gari, kupima kila mtu. Wetu utafikiwa, labda wiki tatu.

Nikamuuliza mgonjwa ambaye makazi yake hayajulikani anawekwa kidoti wapi.

Akasema, hawekwi.

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa nikamwambia yote. Sitini na wanne. Kufuli. Kikohozi. "Sijui" yangu. Nilimwambia na sentensi ya Emdad, ingawa haikumhusu. Aliniacha nimalize. Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema atakuja Ijumaa asubuhi na meza, vipimo na fomu, na kila anayeishi mle ashuke aandikwe kwa jina lake. Asiyeandikwa hatapimwa na hatafuatiliwa. Nikamwuliza orodha itakwenda manispaa? Akasema hawezi kuificha.

"Mle kuna wajawazito wengine?" akauliza.

Wawili ninaowajua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Safari hii sikuamua peke yangu. Nilipanda hadi ghorofa ya tatu jioni walipotoka kazini nikawaambia: Ijumaa wanakuja, mkishuka mtapimwa, na Lutfor atajua, na manispaa itajua.

Halafu Kohinur akasema, akiendelea kukata vitunguu, "Uliandika barua kwamba tumezidi. Ukaulizwa kama tupo, ukasema hujui. Leo unataka tushuke tuonekane. Mama, si ungechagua moja tukazoea?"

Nilisema tu kwamba Jorina alikwenda bila anwani.

Msichana mmoja akaanza kulia. Ni mmoja wa wale wawili, mimba ya miezi minne. Mwingine akasema kulia si lazima, kufukuzwa ni lazima. Wakaanza kubishana wao kwa wao, kwa lahaja ya kwao, haraka, nikapotea. Kohinur akanisindikiza hadi kwenye ngazi.

"Nenda," akasema. "Tutaongea. Haya ni yetu."

Alhamisi, 17 Oktoba

Hakuna habari. Mama mkwe amehamisha kichwa upande wa miguu ili sikio lake zima liwe ukutani. Anasema wanaongea muda wote wakiwa macho. Hajui wanasema nini. "Lakini hawacheki."

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika vipande vipande.

Saa tatu meza iliwekwa mbele ya geti la namba kumi na saba, kwenye ubao juu ya matope. Dokta Farzana, msaidizi wake, boksi la vipimo. Lutfor alisimama getini na shati lake jeupe. Akampa daktari ile ripoti yenye mhuri. Akasema ishirini na wanane watashuka, amewapanga tayari, na nyumba yake haina siri.

Walishuka ishirini na wanane. Wamevaa vizuri. Mmoja mmoja, jina, kijiji, umri, tone la damu. Wa ishirini na nane alipomaliza Lutfor akasema, "Basi, dokta." Daktari hakufunga faili. Akanywa maji kwenye chupa yake. Majirani wamejaa kwenye vibaraza, Emdad juu ya roshani yake.

Nilidhani wameamua kutoshuka. Na niseme—kulikuwa na nafuu moyoni. Ndogo, chafu, lakini ilikuwepo.

Halafu Kohinur akatoka. Akapita mbele ya Lutfor bila kumtazama, akakaa kwenye kiti. "Kohinur binti Abdus. Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho." Alikitaja chumba kwa sauti ya kufika kwenye roshani. Nyuma yake yule mwenye mimba ya miezi minne. Nyuma yake wengine, ngazi nzima, wanashuka na mitandio ya kichwani wameishika kidevuni. Msaidizi akaishiwa fomu. Daktari akanitazama, akanipa karatasi tupu na kalamu.

Nikaandika. Thelathini na tano, juu ya wale ishirini na wanane. Mmoja wao, wa mwisho, alisema nimwandike na Jorina. Nikamtazama daktari. Akasema, "Andika. Weka tarehe."

Kumi na tisa wana macho ya manjano au wana homa. Kumi na tisa! Daktari alipiga simu palepale, akaagiza bomba la mtaa mzima lifungwe.

Lutfor hakupiga kelele. Aliisubiri meza ikunjwe. Kisha akawaambia, kwa sauti ileile ya kwenye simu, kwamba yeye ni mtu wa sheria. Manispaa imempa ruhusa ya watu ishirini na wanane, na kuanzia sasa watakaa ishirini na wanane. Akamwambia Siddik alete magodoro ya waliozidi. Siddik alisitasita, mzee wa watu, akaenda. Yakaanza kushuka kutoka roshani ya tatu. Magodoro, mabegi, masufuria. Mengine yalitua matopeni. Sufuria moja iliviringika hadi kwenye mtaro na hakuna aliyeifuata.

Niliangalia vibaraza. Watu kumi na saba walitia sahihi barua ile. Hiki ndicho tulichoomba. Neno kwa neno.

Wagonjwa sita wamekwenda hospitali na gari la daktari. Wachache wana ndugu mitaa mingine. Waliobaki walikaa juu ya mabegi yao kando ya ukuta, na mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mto. Nilifungua mlango. Sikutoa hotuba. Nilifungua tu, nikausukumia tofali usijifunge.

*

Saa kumi na moja jioni. Mvua.

Nyumba yangu ina vyumba viwili na sebule ambayo ni njia. Wapo kila mahali. Wapo jikoni, wapo chini ya meza. Kohinur amechukua jiko bila kuuliza na anachemsha maji, sufuria baada ya sufuria. Mama mkwe amekunja miguu na kwenye nafasi iliyopatikana amelaza yule mwenye mimba. Anamwambia asijali, yeye mwenyewe ni mfupi tangu ujana, kitanda kilikuwa kikubwa bure.

Sijawahesabu. Msaidizi wa daktari aliniuliza kabla hajaondoka, nikamwambia mkono umechoka.

Mtaani kuna kikao kingine, nimeona watu wakiingia kwa Emdad na miavuli. Muda si mrefu simu ikalia. Ni yeye. Alianza na salamu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Mkewe anaendelea vizuri. Akakohoa. Akasema majirani wana wasiwasi, maji yamefungwa, choo changu ni kimoja, mtaro ni uleule, na wengine kati ya hao ni wagonjwa, mimi mwenyewe nimewaandika.

"Mwalimu, usinielewe vibaya. Kamati inataka kujua tu. Mko wangapi humo ndani?"

Sikusema sijui. Sikusema idadi. Nilishikilia simu, nikisikia pumzi zake na mvua ikinyesha kwake na kwangu. Mwishowe akasema basi anakuja kuangalia mwenyewe, akakata.

Kohinur amegeuka kutoka jikoni, anauliza ni nani. Nimemwambia, mwenyekiti. Ameuliza wajifiche wapi. Tofali la mlangoni sijaliondoa.

Amefika. Namsikia mlangoni anakunja mwavuli, anavua viatu, anaguna. Hana pa kuviweka; kizingiti chote ni kandambili zao.